Uliza Tukujibu: Mtoto kakosa hesabu, kosa limetokea wapi?

Barua za safari hii kutoka Dodoma, Kongwa, Kondoa na Manyoni karibu zote zinahusu namba nzima. Tumeanza na zile ambazo mzazi au mwalimu ametutumia kazi yenyewe ya mtoto, pamoja na njia aliyopita. Tunaomba wengine nanyi mfanye hivyo, maana jibu lenye alama ya kosa halisemi mengi. Kilichoandikwa juu yake ndicho kinachoonyesha mtoto alipopotelea.

SWALI: Shikamooni. Binti yangu yuko Darasa la Tatu. Kujumlisha anapata, lakini kutoa kunamshinda. Moja ya hesabu zake ni hii: 503 − 267 = 364. Nimemwelekeza "kukopa" mpaka nimechoka. Nifanyeje? (Mama, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mama. Itazame hesabu hiyo safu kwa safu. Kwenye mamoja, juu kuna 3 na chini 7, naye kaandika 4. Kwenye makumi, juu kuna 0 na chini 6, kaandika 6. Kwenye mamia, 5 toa 2, kaandika 3. Binti hakubahatisha hata safu moja. Kila mahali ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kuangalia ipi iko juu na ipi iko chini. Ndiyo maana ukimpa 589 − 267 atapata bila shida, kwa sababu huko tarakimu kubwa zote ziko juu. Mpe hesabu hizo mbili kwa pamoja, ya 589 na ya 503, umwone mwenyewe.

Kumwambia "kopa" hakumsaidii hapa kwa sababu jirani anayetakiwa kukopwa ana 0. Mwonyeshe kwa fedha. Kata vikaratasi vya aina tatu tu: vya 10,000, vya 1,000 na vya 100. Usitie 500, 2,000 wala 5,000, kwa kuwa tunataka kila aina iwe mara 10 ya ile inayofuata, kama zilivyo nafasi za mamia, makumi na mamoja. Sasa mpe vikaratasi 5 vya elfu kumi, visiwepo vya elfu moja, na 3 vya mia. Hiyo ni shilingi 50,300. Mwambie anadaiwa dukani 26,700, yaani 2 vya elfu kumi, 6 vya elfu moja na 7 vya mia, na alipe kiasi hicho hasa, asiombe arudishiwe.

Atakwama kwenye mia: anazo 3, zinatakiwa 7. Ataangalia elfu moja, hana. Mwache afikiri mwenyewe, usimwambie. Mtoto yeyote aliyewahi kutumwa dukani atasema noti ya elfu kumi ichenjiwe. Mbadilishie moja kwa vikaratasi 10 vya elfu moja. Sasa ana 4 vya elfu kumi na 10 vya elfu moja, ila mia bado ni zile 3. Achenji tena kimoja cha elfu moja kwa mia 10. Hapo anabaki na 4 vya elfu kumi, 9 vya elfu moja na 13 vya mia. Alipe sasa: 13 toa 7 ni 6, 9 toa 6 ni 3, 4 toa 2 ni 2. Amebaki na 23,600.

Hapohapo, vikaratasi vikiwa bado mezani, aandike 503 − 267 kwenye daftari. Juu ya 5 aandike 4, juu ya 0 aandike 9, na 3 iwe 13. Ahakikishe kwamba kila alichokata kwenye daftari kinalingana na noti iliyochenjiwa. Jibu ni 236. Kulihakiki, ajumlishe 236 na 267; ikirudi 503, kapata.

Baada ya hapo atafanya makosa mapya, na hayo ni dalili njema. Akipata 246, amechenji mamia yakawa makumi 10, akatoa kumi moja kwenda kwenye mamoja, lakini hakuipunguza ile 10 ikawa 9. Akipata 266, amechukua mia moja na kuipeleka moja kwa moja kwenye mamoja kana kwamba ni kumi moja tu, makumi yakabaki 0, na tabia ya zamani ya kugeuza ikarudi kwenye safu hiyo. Kila kosa lina dawa yake, kwa hiyo usimrudishe mwanzo kwa yote.

Kwa namba zenye sifuri nyingi ipo pia njia ya wauza duka, ya kupanda kutoka namba ndogo. Kwa 10,000 − 6,350, toka 6,350 ongeza 50 ufike 6,400. Ongeza 600 ufike 7,000. Ongeza 3,000 ufike 10,000. Jumla ya ulivyoongeza ni 3,650. Wala hakuna cha kuchenji. Mtoto aijue, lakini isichukue nafasi ya ile ya safu kabla hajaielewa.

SWALI: Mwanangu anajua kuhesabu vizuri ila mafumbo ya maneno yanamwangusha. Aliulizwa: "Asha ana mbuzi 24. Mbuzi wa Asha ni 6 zaidi ya mbuzi wa Musa. Musa ana mbuzi wangapi?" Akajibu 30. (Baba, Kondoa)

JIBU: Ameona "zaidi" akajumlisha. Huenda amefundishwa kwamba "zaidi" na "jumla" maana yake ni kujumlisha, na "pungufu" na "baki" maana yake ni kutoa. Tunawasihi walimu na wazazi waache mbinu hiyo. Kwenye maswali mepesi inafanya kazi, na kwa sababu hiyohiyo mtoto anaiamini hadi imwangushe kwenye mtihani.

Kabla hajagusa namba, muulize swali moja tu: nani ana mbuzi wengi? Asha. Achore mistari miwili, mrefu wa Asha na mfupi wa Musa, na ile sehemu ya Asha inayozidi aiandikie 6. Mstari mrefu wote ni 24. Hapo ataona mwenyewe kwamba wa Musa ni 24 − 6, yaani 18. Akimaliza, alisome swali upya akiweka jibu ndani yake: Musa ana 18, Asha ana 6 zaidi, 18 na 6 ni 24. Kwa lile 30 lake la mwanzo, Musa angekuwa na mbuzi wengi kuliko Asha, na swali lingepingana na lenyewe.

SWALI: Habari za kazi. Nafundisha Darasa la Nne. Katika 306 × 24 wanafunzi wangu wengi wanapata 1,836. Wanasahau kusogeza mstari wa pili. Nimewaambia waweke nyota mwishoni mwa mstari huo, wiki moja wanakumbuka, wiki inayofuata wamesahau. (Mwalimu, Manyoni)

JIBU: Njema, mwalimu. Wanasahau kwa sababu nyota haina maana yoyote kwao. Ni alama ya kukumbuka, na alama za kukumbuka huyeyuka. Weka sifuri badala yake, na useme inatoka wapi: ile 2 ya kwenye 24 si mbili, ni ishirini. Mstari wa kwanza ni 306 × 4 = 1,224. Mstari wa pili ni 306 × 20 = 6,120. Ukijumlisha unapata 7,344. Aliyepata 1,836 amejumlisha 1,224 na 612. Yaani amezidisha 306 kwa 4 na kwa 2, ambayo ni sawa na kuzidisha kwa 6. Waambie wanafunzi wapige 306 × 6 waone inavyotoka 1,836 ileile. Kuliona hilo kwa macho yao kuna nguvu kuliko kukumbushwa mara kumi.

Kabla ya kuwarudisha kwenye njia ndefu, wape siku mbili tatu za njia ya vyumba. Wachore kiboksi chenye vyumba vinne. Juu waandike 300 na 6, pembeni 20 na 4, kisha wajaze kila chumba: 300 × 20 = 6,000; 6 × 20 = 120; 300 × 4 = 1,200; 6 × 4 = 24. Jumla ni 7,344. Hapa hakuna cha kusogeza wala cha kusahau, na kila namba inaonekana kwa ukubwa wake. Njia ndefu ya kawaida ni vyumba hivyohivyo vilivyobanwa kwenye mistari miwili.

Angalia pia sifuri iliyo katikati ya 306. Wapo watakaosema 0 × 4 ni 4, waongeze 2 waliyoweka kichwani, wapate 1,264 kwenye mstari wa kwanza. Wengine watairuka sifuri kabisa na kuzidisha 36 kwa 4, wapate 144. Ukisahihisha jibu la mwisho tu, makosa haya yote matatu yataonekana kama kosa moja.

Zaidi ya yote, wazoeze kukadiria kwanza. Namba 306 inapita 300, na 24 inapita 20, basi jibu lazima lizidi 6,000. Mwanafunzi aliyeandika "zaidi ya 6,000" pembeni ya hesabu hawezi kuridhika na 1,836.

Umeuliza pia kuhusu kuhakiki kwa tisa. Ni njia nzuri, ila katika kosa hili haisaidii, na ni vizuri kujua sababu. Njia yenyewe ni kujumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja, na 9 kuihesabu kama 0. Tarakimu za 306 zinatoa 9, yaani 0. Za 24 zinatoa 6. 0 × 6 ni 0, hivyo tarakimu za jibu nazo lazima zitoe 9 au 0. Jibu sahihi, 7,344, linatoa 18, kisha 9. Sawa. Lakini 1,836 nayo inatoa 18, kisha 9! Kuongeza sifuri mwishoni hakubadilishi jumla ya tarakimu, kwa hiyo 612 na 6,120 ni kitu kimoja mbele ya njia hii. Vivyo hivyo haioni tarakimu zilizobadilishana nafasi, kama 7,344 kuandikwa 7,434. Itumie kukamata makosa ya jedwali la kuzidisha. Makosa ya nafasi yaachie makadirio.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Darasa la Tano. Tunabishana juu ya 20 − 8 + 5. Mwenzangu anasema MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inaanza na JU kabla ya TO, kwa hiyo 8 + 5 ni 13, na 20 − 13 ni 7. Mimi nimepata 17. (Kongwa)

JIBU: Wewe ndiye uliyepata. Katika MAGAZIJUTO mabano yanatangulia, hilo halina ubishi. Kisha kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja, na kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja pia. Vyenye cheo sawa hufanywa kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo 20 − 8 = 12, na 12 + 5 = 17. Kwa namna hiyohiyo 24 ÷ 4 × 3 ni 18.

Mwenzako amekosea hivi: alama ya kutoa iliyo mbele ya 8 ni ya 8 peke yake, naye ameiburuta hadi kwenye 5, kana kwamba imeandikwa 20 − (8 + 5). Akipenda sana kuanza na JU, aanze, lakini ajumlishe zile zenye alama ya kujumlisha: 20 + 5 = 25, kisha atoe 8. Atapata 17 kama wewe. Mwombe afanye na hii: 30 − 4 × (2 + 3). Ikitoka 10, mko pamoja.

SWALI: Mwanangu aingie Darasa la Nne akiwa anajua jedwali la kuzidisha lote kwa kichwa. Anakariri kila jioni lakini akiulizwa katikati anashindwa, mpaka aanzie mwanzo. (Mama, Majengo, Dodoma)

JIBU: Amekariri kama wimbo, na wimbo lazima uanze mwanzo. Mwulize kwa kuruka, na kwanza mpunguzie mzigo. Jedwali la 1 mpaka 10 lina majibu 100. Akijua kuwa 3 × 7 na 7 × 3 ni jibu moja, yanabaki 55. Ondoa ya 1 na ya 10, ambayo hayana cha kukariri, yanabaki 36. Ya 2 ni kuongeza namba yenyewe mara mbili, na ya 5 ni nusu ya zile za 10. Ukiyaondoa hayo yanabaki 21 tu.

Endelea. Ya 9 yanatokana na ya 10: 9 × 7 ni 70 toa 7, yaani 63. Yanabaki 15. Ya 4 ni kuongeza mara mbili jibu la 2, na ya 8 ni kuongeza mara mbili jibu la 4: 2 × 7 ni 14, basi 4 × 7 ni 28, basi 8 × 7 ni 56. Sasa yamebaki sita: 3 × 3 = 9, 3 × 6 = 18, 3 × 7 = 21, 6 × 6 = 36, 6 × 7 = 42 na 7 × 7 = 49. Hayo sita aandikiwe kwenye vikadi, swali mbele na jibu nyuma, na aulizwe ovyo ovyo akiwa anaosha vyombo au njiani kwenda shule. Mengine yote atayajenga, na kwa kuyajenga mara nyingi yataingia kichwani yenyewe. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Nusu saa ya kukariri inamchosha na kumfanya alichukie.

SWALI: Mjukuu wangu alifanya 6,432 ÷ 6 akapata 172. Pia aliulizwa kilo 250 za zabibu zitajaza makreti mangapi ya kilo 20, akaandika "12 baki 10", akakosa. Kakosa nini? (Babu, Hombolo)

JIBU: Shikamoo babu. Ni mambo mawili tofauti.

Katika la kwanza ameiruka sifuri. Maelfu 6 kwa 6 ni 1. Kisha 4, ambayo 6 haiingii hata mara moja, na hapo alitakiwa kuandika 0 juu ya 4 kabla ya kushusha 3. Halafu 43 kwa 6 ni 7 baki 1, na 12 kwa 6 ni 2. Jibu ni 1,072. Mfundishe kanuni moja: ukishaandika tarakimu ya kwanza ya jibu, kila tarakimu unayoishusha lazima iache alama juu, hata kama ni 0. Kabla hajaanza, aweke vistari vya jibu juu ya namba. Kwa kuwa 6 inaingia kwenye tarakimu ya kwanza, jibu litakuwa na tarakimu nne. Akimaliza na kistari kimoja kiko wazi, atajua kuna kilichorukwa.

La pili, hesabu yake ni sahihi kabisa. Kilichokosekana ni kurudi kwenye swali na kuamua ile baki iende wapi. Kwa swali la makreti yaliyojaa, jibu ni 12. Kama lingeuliza yanahitajika mangapi ili zabibu zote zisafiri, jibu lingekuwa 13, maana zile kilo 10 haziachwi shambani. Na kama lingeuliza zimebaki kilo ngapi nje ya makreti yaliyojaa, jibu lingekuwa 10. Mgawanyo ni uleule, majibu matatu. Mpe maswali ya aina zote tatu kwa namba hizohizo ili azoee kurudi kusoma swali.

SWALI: Nina duka la nafaka Kibaigwa. Nilimwambia kijana aandike "laki mbili na hamsini", akaandika 200,050. Nilikuwa na maana ya 250,000. Nani mwenye kosa? (Msomaji)

JIBU: Kijana ameandika kama anavyofundishwa darasani, na wewe umesema kama tunavyosema sote sokoni, ambako "elfu" huachwa kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wanajua kinachozungumzwa. Unapoandikisha, itaje elfu: "laki mbili na elfu hamsini". Naye azoee kuchora kwanza nafasi sita, tatu kabla ya mkato na tatu baada yake, kisha ajaze. Upande wa kushoto ni maelfu: 250. Upande wa kulia hakuna kilichotajwa, basi ni 000. Pale ambapo maneno yanaweza kusomwa kwa njia mbili, kama "elfu arobaini na tano" inayoweza kuwa 45,000 au 40,005, aulize kabla ya kuandika risiti.